Vibao Kumi na Kimoja vya Mfenesi

Bi Shamsa alikishika kibao kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. Akakileta puani, akakirudisha chini upesi.

"Ukungu," alisema. "Ukungu mtupu. Mwanangu Arafa anaolewa Ijumaa ya wiki ijayo, na mimi sitaki wageni wangu wale kachumbari ya ukungu."

Tulikuwa uani kwa Bi Somoe, hapa Kirongwe, wanawake kama ishirini tumekaa mkekani. Chama chetu ni cha vyombo. Mwenye shughuli yoyote, iwe harusi, maulidi au hitima, anachukua masufuria, miiko, masinia na vibao vya kukatia kutoka stoo moja, akimaliza anavirudisha. Stoo iko kwa Bi Somoe, mwenyekiti wetu. Mtunza stoo wa zamani aliolewa Kilindoni, na mwezi uliopita walinichagua mimi, Warda, kushika ufunguo. Nilikuwa nimemaliza shahada ya sayansi ya chakula huko Morogoro, nimerudi nyumbani nasubiri kazi, na Bi Somoe alisema mtu aliyesomea chakula hawezi kushindwa na sufuria.

Masufuria hayakunishinda. Tatizo lilikuwa vibao. Vilikuwa kumi na kimoja, vizito, vipana kama sinia dogo, vyeusi kwa madoa, na vilikuwa vimebebana kwenye kona ya stoo kama vilivyotupwa baada ya shughuli ya mwisho.

"Dukani kwa Bi Mehrunissa kule Kilindoni vipo vya plastiki," Bi Shamsa aliendelea. Akatoa kimoja kwenye mfuko wake, cha kijani, kinang'aa. "Tazameni. Hakinywi maji, hakioti ukungu, hata kukibeba ni raha."

"Na hivi vya mfenesi tuvifanyeje?" Bi Somoe aliuliza.

"Kuni, mwenyekiti. Vimekatia pilau miaka yote, sasa vipikie pilau. Vitakuwa vimekufa kazini."

Watu wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono, na nikasimama kabla sijaruhusiwa.

"Mama zangu, vibao havina kosa," nilisema. "Sisi ndio tunaoviroweka kwenye karai usiku kucha pamoja na masufuria. Halafu tunavipanga stoo vikiwa bado vimelowa, kimoja juu ya mwenzake, bila hewa. Hata mtu ukimlaza hivyo ataota ukungu."

"Mume wangu halazwi hivyo na anao," mmoja alisema nyuma, na kicheko kikapanda tena.

"Ubao ni kitu kizuri," niliendelea. "Ukisafishwa vizuri, ukakaushwa, ukapakwa mafuta, unadumu kuliko sisi. Naomba mnipe hadi Alhamisi ile ya kukata vitunguu. Nitavirudisha vikiwa vipya."

Bi Shamsa alinitazama juu mpaka chini. Si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka, na harusi ya binti wa pekee ilikuwa imemwongezea kasi.

"Haya," alisema. "Alhamisi asubuhi nitavipitia kimoja kimoja kwa pua yangu mwenyewe. Kitakachonuka kinaingia chini ya sufuria. Kimoja au vyote, sijali."

"Umesikia, mwanangu?" Bi Somoe aliniuliza. "Umejifunga mwenyewe."

"Nimesikia, bibi."

Kesho yake Bi Somoe alikuja kunisaidia kuvitoa nje, na ndipo nilipoona alama. Kwenye pembe ya kila kibao, chini ya uchafu, palikuwa na mchongo mdogo: mistari mitatu, jicho la samaki, jani, msalaba wa nyuzi kama ule wa ukili unapoanza kusukwa.

"Mfenesi wa kwa marehemu baba yangu ulianguka kwa upepo," Bi Somoe alieleza, akisugua mistari mitatu kwa kidole gumba. "Sisi ndio kwanza tumeanzisha chama, hatuna hata upawa. Tukauomba ule mti. Fundi akatoa vibao kumi na viwili, cha kumi na mbili kikapasuka mikononi mwake. Kila mmoja akachonga alama ya kwake, ili shughuli ikiisha watu wasigombanie. Hii mistari mitatu ni ya Shamsa. Jicho ni langu."

"Na huu mwezi?"

"Wa Safia. Mungu amrehemu."

Bi Safia alifariki nikiwa kidato cha pili. Lakini jina lake nilikuwa nalisikia kwenye kila harusi bila kujua kwamba mwezi ule ndio alama yake. Ilikuwa hivi: walioondoka duniani, vibao vyao havikai bure. Anayechelewa kufika ndiye anayepewa, na huanza kwa kusema kwa sauti, "Leo nakatia kwa Safia." Wenzake hujibu, "Mungu amrehemu," kisha hukaa wakimtazama vitunguu vyake, kwa sababu Bi Safia alikuwa anakata vitunguu vyembamba kama nywele, na ole wake atakayekata mapande kwenye kibao kile. Mimi mwenyewe niliwahi kuzomewa.

Tangu hapo kazi ikawa nzito moyoni kwa namna nyingine. Nilivisugua kwa maji ya moto na sabuni kidogo, pande zote mbili, kwa sababu ukilowesha upande mmoja tu ubao hujikunja. Nilivimwagia chumvi ya mawe nikavisugua kwa nusu za ndimu mpaka mikono ikaniwasha. Sikuvianika juani, vingepasuka. Nilivisimamisha kwenye kivuli cha ukuta, kimoja kimoja, upepo ukapita katikati. Siku ya tatu weusi ulikuwa umekwenda, na mti ukaanza kuonyesha rangi yake ya manjano, kama fenesi lenyewe. Nilikaa nikavitazama kama mtu anayetazama watoto wake wamevaa sare.

Zilibaki nyufa. Vibao vinne vilikuwa vimefunguka kwenye kingo, na cha Bi Safia ndicho kilichoumia zaidi. Vyote vilikuwa vimekauka vinaomba mafuta. Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili wa kazi Kilindoni, wa siku mbili, kwa hiyo Alhamisi ya wiki hiyohiyo asubuhi niliwapeleka wagonjwa wangu wote pwani kwa fundi Hemedi.

Fundi Hemedi anaunda mashua. Hakuna mtu upande huu wa kisiwa anayeijua mbao kama yeye.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea kijiji kizima?"

Nilimpa karatasi. Nilikuwa nimekesha, sioni haya kusema, nikiandika maelekezo kwa mwandiko wangu mzuri: gundi ya namna gani, msasa wa namna gani, vikae wapi, visikae wapi. Alizisoma kurasa mbili zote kwa kufuata mstari kwa kidole, midomo inacheza.

"Umeandika vizuri," alisema. "Sisi mafundi hatupewi karatasi. Tunapewa kelele. Nenda na amani, nitafuata kila neno."

Na alifuata.

Jumamosi nilirudi kuvichukua na bodaboda ya Ukasha. Kabla hatujasimama, Ukasha aligeuza shingo.

"Dada, hapa pamekufa nini?"

Vibao vilikuwa vimepangwa juu ya benchi, vimesimama wima kwenye kivuli kama nilivyoagiza. Vilikuwa vinang'aa. Nyufa zilikuwa zimefungwa huwezi kuziona. Nilisogea, na harufu ikanipiga usoni kama kofi la mtu ninayemjua. Kila aliyezaliwa hapa anaijua harufu ile. Ni mafuta ya papa, yale yanayochemshwa kutoka kwenye ini lake na kupakwa matumbo ya mashua.

"Fundi," nilisema polepole. "Umevipaka nini?"

"Aa, hapo sikukuangusha!" Uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Si yale ya juu juu ninayowapaka watu wa mitumbwi. Nimekutolea ya mtungi wangu mwenyewe, ya tangu mwaka jana. Mara mbili, pande zote. Mashua nikiipaka haya, mwenye nayo anakuja kunishukuru baada ya miaka minane."

"Lakini harufu..."

"Harufu gani?"

Aliinama akanusa kibao kwa moyo wote, akaniangalia kwa mshangao wa kweli. Miaka thelathini amefanya kazi na mafuta yale. Pua yake ilishastaafu.

Nilichukua karatasi yangu kutoka pale alipoibana kwa nyundo. Mstari wa sita ulisema: *Mwisho vipakwe mafuta mazuri ya kukinga mbao na maji, mara mbili, pande zote.* Nilikuwa nimeandika jina la msasa na namba yake. Mafuta nilikuwa nimeandika mafuta tu. Na kwa fundi wa mashua wa Mafia, mafuta ya kukinga mbao na maji ni yapi mengine?

"Ahsante, fundi," nilisema. "Umefanya kama nilivyoandika."

Njiani Ukasha aliendesha ameinua kidevu kama ngamia. "Nikipata abiria mwingine leo," alisema, "itakuwa paka."

Alisema kweli kuhusu paka. Jumapili asubuhi mama aliniita kutoka mlangoni. "Warda, uani kuna paka saba. Sisi paka hatuna hata mmoja." Walikuwa wamekaa duara mbele ya vibao, kimya, kwa adabu, kama watu wanaosubiri imamu atoke.

Nilifanya kila nililolijua. Majivu ya vifuu kwa maji ya moto. Chumvi na ndimu tena, ndoo nzima ya ndimu. Siki. Jumapili jioni nilimwomba mama anuse.

"Kimebadilika," alisema kwa huruma.

"Kweli?"

"Ndiyo. Mwanzo kilinuka papa. Sasa kinanuka papa aliyekamuliwa ndimu. Ungekuwa na pilipili tungekula."

Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia kidogo. Zilibaki siku nne. Nilijiona Alhamisi, Bi Shamsa anapita na pua yake, vibao vinaingia kimoja kimoja chini ya sufuria, na mwezi wa Bi Safia unashika moto. Vilikuwa vimevumilia miaka yote ya kurowekwa na kusahauliwa, vikaja kumalizwa na aliyesomea.

Jumatatu nilirudi kwa fundi Hemedi na gunia la vibao, nikamweleza yote. Aliposikia alikaa chini kwenye maranda, akashika kichwa.

"Vitunguu," alisema. "Kumbe vya kukatia vitunguu. Mimi mbao yoyote ikija kwangu naiona inaelekea majini."

"Kosa ni langu, fundi. Yanatoka?"

Alichukua patasi akakwangua kidogo kwenye ukingo, akamwita mkewe aje kunusa kwa niaba yake. Mkewe alinusa pale palipokwanguliwa, akatikisa kichwa: hapana harufu.

"Mfenesi ni mbao iliyoshikana, na mafuta yana siku chache tu," fundi alisema. "Hayajazama. Nikipiga randa, unene wa maganda ya mayai mawili matatu, yanaondoka."

"Piga, fundi!"

"Subiri." Alipitisha kidole kwenye pembe ya kibao. "Alama zenu ziko juu juu, zimeshalika. Zitakwenda na maranda."

Yeye akaona uso wangu, akainama karibu.

"Nikuchongee nyingine? Nazifuata zilezile. Nani atajua?"

Nilifikiria. Nakiri nilifikiria. Ingekuwa rahisi: vibao visafi, alama mahali pake, wanawake wanashangilia, na mimi nabaki Warda aliyesoma. Lakini zingekuwa alama za fundi Hemedi. Bi Somoe angepitisha kidole chake gumba kwenye jicho lile bila kujua kwamba hakulichonga yeye.

"Ngoja niwaulize wenyewe," nilisema.

Nilimkuta Bi Somoe barazani anachambua mchele wa harusi. Kwa bahati, nzuri au mbaya, Bi Shamsa alikuwa naye. Niliwaamkia, nikaweka gunia la vibao chini, na kabla sijafungua mdomo Bi Shamsa alisema, "Nani amechinja papa?"

Nikawaeleza. Nilisema yote: karatasi, mstari wa sita, mtungi wa fundi, paka saba, ndimu. Nilipofika kwenye paka Bi Somoe alikuwa ameshaangusha ungo, mchele umemwagika mapajani, anafuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Kwa herufi nzuri!" alisema huku akihema. "Akamwandikia kwa herufi nzuri!"

Bi Shamsa hakucheka. "Siku tatu zimebaki," alisema. "Mimi nilijua. Nilisema kuni tangu mwanzo, nikaonekana sina moyo."

"Vinaweza kupona, mama," nilisema. "Fundi anavipiga randa. Lakini alama zinafutika zote. Ndiyo maana nimekuja kuwauliza kwanza."

Bi Shamsa alivuta gunia, akatoa vibao akiviweka chini kimoja kimoja, mkono mmoja umeziba pua. Alipofika kwenye kibao cha mwezi mkono ulishuka.

"Na huu unafutika pia?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ndiye niliyemshikia siku anauchonga," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua kasi. "Kisu kikateleza, akajikata kidole. Akasema nimemtikisa. Mpaka anaingia kaburini alisema nilimtikisa."

"Ulimtikisa," Bi Somoe alisema.

"Sikumtikisa!"

"Na wewe ndiye uliyesema vikapikie pilau."

"Nilisema vinanuka. Sikusema..." Alikaa na kile kibao mapajani, harufu na yote, dera la nyumbani linapata mafuta na yeye hana habari. Kisha akanyoosha mkono kwangu.

"Una karatasi?"

"Karatasi ya nini, mama?"

"Shule hamkuwa mnaweka sarafu chini ya karatasi mkasugua kwa penseli, picha ikatoka? Lete karatasi, na mkaa kutoka jikoni. Alama tunazinakili kwanza. Halafu huyo fundi na apige randa mpaka achoke."

Karatasi niliyokuwa nayo kwenye begi ni nakala za wasifu wangu wa kuombea kazi, nilizochapisha kumi na tano kwa ajili ya Kilindoni. Hatukusita. Tulizigeuza, tukaziweka juu ya kila alama, tukapitisha mkaa polepole, na alama zikajitokeza nyeupe katikati ya weusi: jicho, jani, mistari mitatu, mwezi. Bi Shamsa alipomaliza wa Safia aliigeuza karatasi akasoma upande wa pili kwa sauti.

"'Mwaminifu, mchapakazi, makini katika kila jambo dogo.'" Akanitazama juu ya karatasi. "Makini, Warda? Ukasahau kusema mafuta gani?"

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka akamshika Bi Somoe bega, na mimi nikacheka nao, nikahisi kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

Jumanne fundi Hemedi alikuja mwenyewe uani kwa Bi Somoe na randa yake, hakutaka hata nauli ya kurudi. Maranda yalianguka marefu, ya manjano, yamejikunja kama nywele za bibi harusi, na chini ya kila kibao ukatoka ubao mpya kabisa. Kila kimoja kilipokelewa na pua tatu kabla ya kuwekwa kando. Kibao cha Bi Safia tu ndicho alichokipiga mara moja akaacha.

"Hiki kimekuwa chembamba pale nilipokiunga," alisema. "Nikiendelea, kitafunguka. Hapa nimefika."

Bi Somoe alipika mafuta ya nazi mpaka maji yote yakaisha yakabaki safi, akayeyushia nta ya nyuki kidogo. Safari hii niliandika kwenye karatasi kila kitu kilichoingia, na kila aliyepita alilazimishwa kunusa sufuria. Tulivipaka kwa kitambaa, tukaviacha vinywe, Jumatano tukavipaka tena na kuvifuta mpaka vikawa vikavu mkononi.

Alhamisi asubuhi uani kwa Bi Shamsa palikuwa pamejaa. Magunia mawili ya vitunguu, mafiga matatu ya sufuria kubwa, wanawake na visu vyao. Hakuna aliyeketi. Wote walikuwa wamesikia habari ya papa na walitaka kuiona pua ikifanya kazi.

Bi Shamsa alianza upande wa ukuta. Alinusa, akageuza, akanusa tena. "Kizuri." Kingine. "Kizuri." Alipofika cha kumi nilikuwa nimeshika mkono wa Bi Somoe bila kujua. "Kizuri." Kikabaki cha Bi Safia.

Alikinusa muda mrefu.

Nilijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekinusa alfajiri mara nne. Harufu ilikuwa ndogo, kama mtu amepika samaki nyumba ya tatu, lakini ilikuwepo.

"Shamsa," sauti ilitoka nyuma, "moto tayari unawaka. Ulisema kimoja au vyote."

Bi Shamsa alikuwa amekikumbatia kibao kifuani. Alikuwa ametamka neno lake mbele ya chama kizima, na si mtu wa kurudisha neno.

"Mama," nilisema, "leo mchana wapishi wanakula nini?"

"Changu wa nazi. Wamo kwenye ndoo pale. Kwa nini?"

"Tunawakatia wapi?"

Watu walitazamana. Jibu lilikuwa lile la siku zote: popote, kibao chochote kilicho karibu, kisha hapohapo kachumbari. Tangu nichukue ufunguo nilikuwa nimewaomba watenge kibao kimoja cha samaki na nyama mbichi, visichanganyike na vinavyoliwa vibichi. Waliitikia ndiyo, mwanangu, umesoma, kisha wakasahau kabla ya sabuni kukauka.

"Hicho kiwe cha samaki," nilisema. "Samaki tu, na baada ya kazi kinasuguliwa kwa chumvi na maji ya moto. Hakuna atakayekikosea. Mtu akitaka kukikatia nyanya, pua yake itamwambia hapana."

Bi Shamsa alinusa tena, safari hii kama mtu anayeonja mchuzi.

"Nilisema kitakachonuka," alitangaza. "Papa si kunuka. Papa ni samaki. Kwenye kibao cha samaki mlitaka kinukie waridi?"

Vigelegele vilipigwa mpaka Arafa, bibi harusi mwenyewe, akachungulia dirishani amepakwa liwa uso mzima, akafukuzwa arudi ndani.

Kabla ya vitunguu tulichonga. Kila mwenye kibao alipewa karatasi yake ya mkaa, na waliofariki walichongewa na binti zao au wakwe zao. Bi Somoe alilirudisha jicho lake kwa mikato sita ya kisu. Bi Safia hakuacha mtoto. Karatasi ya mwezi ilibaki mkekani, na Bi Shamsa akaiokota akaniwekea mbele.

"Chonga wewe. Nitakushikia."

"Mama, mimi mkono wangu..."

"Chonga."

Nilishika kisu, nikafuata mstari. Nusu ya kwanza ya mwezi ilikwenda vizuri. Kwenye pembe ya pili kibao kilicheza, na kisu kikakimbia upande.

"Mama! Umenitikisa!"

"Sijakutikisa!"

Uani pakalipuka. Bi Somoe aliinama akaukagua mwezi ule kwa makini.

"Ni kamba," alisema. "Amechonga kamba, na masharubu yake. Si kibao cha samaki? Basi kimepata alama ya kazi."

Bi Shamsa aliutazama akiwa ameuma mdomo. Halafu akavuta ndoo ya changu, akaketi kwenye kigoda, akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Leo nakatia kwa Safia."

"Mungu amrehemu," tukajibu.

Vitunguu viliisha kabla ya adhuhuri. Maranda ya fundi, yakiwa na mafuta yake ya papa, yaliwasha moto wa kuchemshia maji kwa kiberiti kimoja, kwa hiyo Bi Shamsa kuni zake alizipata. Na kile kibao cha plastiki cha kijani kilifanya kazi toka asubuhi hadi jioni bila kupumzika: hakuna kitu kilichopepea moto vizuri kama kile.

Ijumaa, baada ya nikahi na pilau na Arafa kwenda zake na mumewe, nilikuwa stooni kwa Bi Somoe ninahesabu miiko niliposikia ukelele uani. Nilitoka mbio nikidhani mtu ameungua.

"Nani?" Bi Shamsa alikuwa amesimama juu ya karai, gauni la harusi limepandishwa kiunoni, kibao kinachuruzika maji mkononi. "Nani ameroweka vibao? Mnataka viote ukungu? Vinasuguliwa, vinasuuzwa, vinasimamishwa! Pande zote mbili! Hamkufundishwa?"

"Samahani, dada Shamsa," mtu alisema kwa unyonge.

"Usiniombe samahani mimi. Kiombe samahani kibao."

Tulivisimamisha kwenye kivuli cha ukuta, vyote kumi na kimoja, nafasi ya kiganja kati ya kimoja na kingine, upepo upite. Nilipotoka kufunga stoo kumi vilikuwa vimekauka. Cha kumi na moja kilikuwa bado kibichi, kimesimama peke yake mwisho wa ukuta na mwezi wake wenye masharubu. Mbele yake alikuwa ameketi paka mmoja, mkia umezunguka miguu, ametulia, anasubiri.